Loki ya Difu ya Delwyn Rasband

Nimeishi ng'ambo ya mfereji kutoka kwa Delwyn Rasband tangu nilipoolewa, na sijawahi kumuona akipokea kitu bila kukigeuza aone chini yake kuna nini. Ukimpelekea bakuli la viazi vya jibini wakati wa msiba, anashukuru vizuri, kisha anauliza ni nani mwingine aliyepelekewa. Siku tulipobadilisha uzio kati yetu alikuja na kamba yake ya kupimia, ingawa yangu ilikuwa mpya. Nikamwambia, "Ndugu Delwyn, siku ya ufufuo utamdai malaika kitambulisho." Akanijibu, bila hata kutabasamu, kwamba malaika wa kweli hatakasirika.

Kazi yake ni kuvisha farasi vyuma vya kwato. Ranchi zote za upande huu wa Utah zinamjua, na hata wasiompenda humwita, kwa sababu farasi aliyepita mikononi mwake hachechemei. Nyuma ya pikapu yake hubeba fuawe, tanuri la gesi na masanduku ya vyuma, mzigo unaoifanya pikapu ichuchumae. Jioni hushusha vyote, kimoja kimoja, akavifungia kibandani kwa kufuli mbili. Mgongo unamuuma, lakini anasema fuawe ikilala nje itaamkia mjini Price ikiuzwa. Haya anayasema mahali ambapo sisi wengine hatufungi hata mlango wa nyumba.

Pikapu ilikuwa moja na madereva wawili. Binti yake Sheree alirudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, akapata kazi ya upishi kwenye shule ya Ferron. Alfajiri alishuka nayo mteremko wa Cobb, akawapikia watoto kifungua kinywa, kisha akamrudishia baba yake, naye akaondoka nayo kwenda makorongoni. Kila asubuhi ya baridi Delwyn aliamka kabla ya bintiye, akawasha injini ipate joto na kukwangua barafu kwenye kioo. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la upendo. Lingine sijamsikia akilitamka, hata kwa marehemu mkewe Merlene.

Vuli moja alikwama kwenye korongo la Muddy. Tatizo la difu ya kawaida, zile gia za ekseli zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya nyuma, ni kwamba nguvu hukimbilia gurudumu lisilo na kazi. Moja likining'inia hewani linazunguka kama pia, na lililokanyaga ardhi linatazama tu. Dawa yake ni loki, kifaa kinachoyafunga magurudumu mawili yaende pamoja. Delwyn alirudi nyumbani kwa miguu, buti zimejaa tope, akaapa kwamba kabla ya theluji atakuwa na loki.

Wanaume wa huku hubishania loki kuliko wanavyobishania maandiko. Nilikuwepo gereji kwa Kendell Sitterud, nikisubiri gari langu libadilishwe mafuta, Delwyn alipoingia na maswali yake.

"Ziko za namna tatu, Ndugu Delwyn," alisema Kendell, akijifuta mikono. "Kuna ya nusu-nusu. Hiyo inasaidia kwenye tope jepesi, lakini gurudumu likiwa hewani haikufai kitu."

"Nilijua. Nusu-nusu ni ya mtu asiyejua anachotaka."

"Ya pili inajifunga yenyewe kila ukikanyaga mafuta, na kujiachia ukikata kona. Ya tatu ina swichi, unaifunga wewe unapotaka. Hili ni gari la kila siku, na Sheree anashuka nalo Cobb kwenye barafu. Ningekuwa wewe ningeweka ya swichi."

Delwyn akamtazama kwa jicho moja. "Sheree ameingiaje hapa?"

"Si ndiye anayeendesha?"

"Na hiyo swichi inafanyaje kazi?"

"Kuna pampu ndogo, waya, na mpira wa hewa unaokwenda mpaka kwenye difu."

"Panya akiutafuna mpira? Waya ukikatika?"

"Unaleta, naunganisha."

"Ahaa," alisema Delwyn.

"Mzee, nisikilize. Hiyo ya kujifunga yenyewe, ukiwa barafuni magurudumu yote mawili yanateleza kwa pamoja. Hakuna linalobaki kushika njia. Mkia unakuja mbele kukuangalia usoni."

Delwyn alishukuru akatoka, na mimi nikamfuata maana mafuta yalikuwa bado. Akaniinamia kama mtu mwenye siri ya serikali. "Umesikia, Dada LaRue? Waya ukikatika, unaleta. Nani ataleta? Sheree. Na kijana yule hana mke."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. "Kendell amechumbia yule binti anayesafisha meno kule Price! Kanisa zima linajua!"

"Kanisa zima limeambiwa," alisema Delwyn.

Basi akaagiza ile ya kujifunga yenyewe, isiyo na swichi wala waya wala mtu wa kuombwa msaada, akaifunga mwenyewe uani akiwa amelalia turubai. Kisha akaijaribu. Alipanda nayo makorongo, ikapita alipokwama bila hata kukohoa. Theluji ya kwanza ilipoanguka akashuka nayo Cobb mara kadhaa, akarudi kifua mbele. Gari halikuyumba hata kidogo, alisema, na Kendell ni mwongo. Hakukumbuka kwamba kila alipoijaribu, fuawe, tanuri na masanduku vilikuwa nyuma vimekalia ekseli. Alfajiri, Sheree alipokuwa akiichukua, vyote vilikuwa kibandani chini ya kufuli mbili, na mkia wa pikapu ulikuwa mwepesi kama ndoo tupu.

Sheree aliiona tofauti mapema. Kwenye kila kona loki iligonga, ko! ko!, wapishi wenzake wakawa wanasema, "Wekeni maji jikoni, Sheree huyo." Hilo alilicheka. Ila barafu ilipoanza alimwambia baba yake mezani, mbele yangu, nikiwa nimewapelekea jeli ya karoti.

"Baba, gari linatupa mkia. Niachie fuawe nyuma asubuhi."

"Fuawe ikashinde uwanja wa shule bila mlinzi?"

"Basi niwekee viroba vya mchanga."

"Nani kakufundisha mambo ya viroba?"

"Baba, kila mtu anaweka viroba wakati wa baridi."

"Kila mtu hana loki. Ni Kendell, siyo?"

Sheree akachukua kijiko akaendelea kula. Utamjibu nini mtu ambaye kila jibu lako kwake ni ushahidi?

Alichokifanya alikuja kunisimulia baadaye, mguu ukiwa umening'inizwa kwa kamba hospitalini. Aliomba magunia matupu kwa Kendell, akayajaza mchanga, akayaficha chini ya turubai mwisho wa njia yao, pale kwenye daraja la vyuma la kuzuia ng'ombe. Kila alfajiri alisimama pale gizani, akapakia viroba, ndipo akashuka Cobb. Akirudi, alivishusha kabla baba yake hajaviona. Mwanamke mzima, akificha mchanga kama pombe. Nikikumbuka hilo bado napandwa na hasira.

Viroba vilivuja. Delwyn akaanza kukuta mchanga nyuma ya pikapu, kidogo tu, pembeni. Mtu mwingine angefagia. Yeye aliuchukua kwenye kiganja akaja nao mpaka kwangu.

"Dada LaRue, mchanga huu si wa kwetu. Wa kwetu ni mwekundu. Huu ni wa mtoni."

"Na mimi nifanyeje, niupikie chai? Mwulize Sheree."

"Nikimwuliza atajua kwamba najua."

"Unajua nini?"

"Bado sijajua," alisema, akaukunja ule mchanga kwenye leso na kuutia mfukoni.

Jumapili, baada ya ibada, bado amevaa tai, alitembea njia yote akiinama kufuata chembe za mchanga mpaka darajani. Akafunua turubai. Magunia yalinuka grisi ya gereji. Alikuja jikoni kwangu akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu farasi wake ashinde kwenye maonyesho.

"Nimewapata. Pale ndipo wanapokutana."

"Wanakutana kukaa juu ya magunia ya mchanga, kwenye baridi hii? Delwyn, wewe huna kazi."

"Mchanga ni kisingizio. Nimevibeba vyote, nimevifungia kibandani. Sasa nasubiri. Atakayekuja kuniuliza viroba viko wapi, huyo ndiye."

Nilimwambia akalale. Mimi mwenyewe sikuyakumbuka maneno ya Sheree ya mezani, na jeli ilikuwa haijaganda.

Usiku huo mvua ilinyesha, na kabla ya alfajiri ikawa kioo juu ya lami. Delwyn aliamka kama kawaida, akawasha injini, akakwangua kioo, akamshikia Sheree mlango. Sheree akafika darajani, akashuka na tochi. Turubai ilikuwepo, imekunjwa vizuri, na chini yake hakukuwa na kitu. Aliniambia alifikiria kurudi kumwuliza baba yake, kisha akaona uso atakaoukuta mlangoni. Watoto walikuwa wanasubiri uji. Akapanda, akaenda polepole.

Kona ya kwanza alipita. Ya pili ina kijilima kidogo katikati, na pikapu ilikuwa inaelekea kusimama, kwa hiyo akagusa mafuta. Loki ikashika. Magurudumu yote mawili ya nyuma yakateleza pamoja, mkia mtupu ukazunguka, na pikapu ikaenda kiubavu mpaka ikavunja nguzo za uzio na kulala mtaroni.

Simu ilipokuja Delwyn hakuwa na gari lingine, kwa hiyo nilimpeleka mimi. Njia nzima alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Tulipokaribia Cobb akasema, "Atakuwa alikuwa akiongea kwenye simu. Kendell atakuwa ndiye aliyempigia."

"Nyamaza, Delwyn," nilimwambia. "Leo nyamaza."

Kendell alikuwa pale kweli, na gari lake la kuvutia magari, akiwa bila koti. Koti lake lilikuwa juu ya Sheree. Wahudumu walikuwa wamemlaza kwenye machela, nyonga imevunjika, midomo haina rangi. Delwyn alipiga magoti kwenye theluji akamshika mguu, maana mguu ndio uliokuwa karibu naye. Akawa anaukanda juu ya buti, kama anavyotuliza farasi kabla ya kuinua kwato.

Sheree akafungua macho. Hakuwa na hasira, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

"Baba," alisema, "umeviona viroba vyangu? Vile vya darajani?"

Tangu jana yake Delwyn alikuwa anasubiri swali hilo. Nilimuona akilisikia. Alimtazama bintiye, akatazama nyuma ya pikapu iliyolala ubavu, safi, tupu, aliyoifagia mwenyewe.

"Vipo," alisema. "Nimevifungia."

Sheree alipona, lakini hakurudi. Alipanga chumba Ferron, karibu na shule, anakwenda kazini kwa miguu akichechemea kidogo. Hawajagombana. Jumapili wanakaa benchi moja kanisani, na Delwyn humletea mayai bila kuuliza mengine yamekwenda wapi.

Pikapu ilinyooshwa. Delwyn aliipeleka mwenyewe kwa Kendell, akasema, "Weka ya swichi," akaenda kukaa nje, hakusimama kumchunga. Kilichonishangaza kuliko vyote ni fuawe. Haishushwi tena. Inalala nje pamoja na tanuri na masanduku, na juu yake viroba sita vya mchanga, bila turubai wala kufuli.

Na bado naamka mapema siku za baridi, maana uzeeni usingizi ni mfupi. Taa ya jikoni kwake inawaka. Anatoka, anawasha injini, anakwangua kioo chote mpaka kwenye pembe, anafungua mlango wa dereva na kusimama pembeni yake. Baada ya muda anaufunga, anazima gari, anarudi ndani.