Mwalimu wa Chekechea na Kiingereza Kizito

Ujumbe uliingia kwenye simu asubuhi, nikiwa napiga pasi shati la kanisani: mwalimu wetu wa Kasense ametutoka. Sikuuliza ni yupi. Walimu Kasense wapo, lakini ni mmoja tu aliyekuwa akinisimamisha baada ya misa, watu wote wakisikia, kuniuliza maana ya neno la Kiingereza ambalo hata mimi ilinibidi nikalitafute. Nilikaa kitandani na shati likaungua. Wasomaji wa safu hii mmenizoea kwa kulalamika. Leo naomba mnivumilie zaidi kidogo, maana nina uchungu, nina hasira, na sijui vizuri hasira yenyewe nimwelekezee nani.

Alikuwa mwalimu wa chekechea, mama wa watoto, mke wa mkulima. Kwa miaka mingi alifundisha kwa cheti chake cha kidato cha nne, watoto wakatoka mikononi mwake wanasoma, na hakuna aliyemuuliza kitu. Kisha shule ikamwambia kwamba asiyepitia chuo hataendelea kuingia darasani. Kwa mtu wa umri wake njia iliyobaki ilikuwa mtihani wa kujiunga na chuo, na mtihani huo una sehemu ya msamiati wa Kiingereza. Alishaufanya mara moja akaangukia hapo hapo. "Shikamoo, mzee," aliniambia siku ya kwanza nje ya kanisa. "Si wewe unayeandika gazetini? Naomba unisaidie Kiingereza kizito. Chepesi ninacho. Yale maneno waliyoniuliza sijawahi kumsikia mtu hata mmoja akiyasema Sumbawanga hii." Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Kazi yake ndiyo iliyokuwa imening'inia hapo.

Nikaanza kwenda kwake Jumamosi. Alikuwa na namna yake ya kujifunza: kila neno jipya alilitafutia mtu wa kulivaa, na asipompata hakulikumbuka. "Obstinate", yaani mkaidi, alimpa maksai wa jirani yake Msukuma, yule aliyekuwa akilala chini kila alipoona jembe la kukokota. "Reluctant", mtu wa kusitasita, alipewa mumewe kwa siku zile za kwenda kuwasalimia wakwe. Tulipofika kwenye "verbose", mtu wa maneno mengi yasiyokwisha, aliziba mdomo kwa khanga. "Hilo, samahani mzee, nimekupa wewe. Safu yako huwa naisoma." Mumewe alikuwa pembeni anapukuchua mahindi, akacheka mpaka akaacha kazi. Nikajifanya nimekasirika, nikaletewa chai.

Njiani kurudi mjini nilikuwa nikijiuliza mambo yangu ya kawaida. Mtoto wa Kasense anaongea Kifipa na bibi yake na Kiswahili dukani. Anamhitaji kwa lipi mwalimu anayejua kinyume cha "verbose"? Siku moja nilimuuliza mwenyewe. Hakuwa na muda na swali langu. "Wewe lalamika gazetini, mzee. Mimi niache nifaulu kwanza." Na alikuwa anakaribia kufaulu, hilo nawaambia bila upendeleo. Maneno yalikuwa yameanza kumtoka bila kutafutwa, akiwa anakoroga ugali au anamfokea kuku.

Mwezi wa tano tumbo lake lilianza kuvimba. Nilipokwenda kumwona hospitalini nilimkuta mumewe amekaa ukingoni mwa kitanda, anamsimulia habari za watoto. Wakaja madaktari wawili, vijana, wapole, wakatusalimia vizuri sana. Wakasimama miguuni pa kitanda wakaanza kuzungumza wao kwa wao kwa Kiingereza, kama mnavyojua inavyofanyika, mgonjwa akiwa katikati yao kama meza. Mmoja akasema kwamba ini limeharibika, kwamba hali hii ni "terminal", na kwamba kumpa rufaa ya kwenda Mbeya ni kumsumbua bure. Kisha akamgeukia kwa Kiswahili na tabasamu: "Mama unaendelea vizuri, tunakuangalia. Pumzika tu." Wakahamia kitanda cha pili.

Sasa, kwa daktari neno hilo ni ugonjwa usiopona, lakini kwetu kila mwenye mtoto shuleni analijua kwa maana nyingine. Terminal ni mtihani wa kabla ya likizo ya mwezi wa sita. Watoto wao walikuwa wametoka kuufanya. Mume wake akalidaka hilo moja katika yote yaliyosemwa, uso ukamchangamka. "Umesikia? Hata huku wamezipata habari za mtihani wako! Wanakuulizia terminal." Mwalimu akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akarudi kwa mumewe. "Ndiyo, baba," akasema. "Wanaongelea mitihani." Mume akaaga akiwa na furaha. Walikuwa na shamba la kukodi Mpui, mahindi yamekauka na ng'ombe wa watu wameanza kuachiwa mashambani. Kwa kuwa mama anaendelea vizuri, alisema, angekwenda kuvuna, arudi Jumapili. Mkewe akamwambia nenda.

Mume alipotoka, mwalimu alinigeukia. Kisha akasema, "Ile siyo ya mwezi wa sita, eti mzee?" Nikamwambia siyo. "Nilijua. Hili sikuhangaika kulitafutia mtu." Nilitaka kumkimbilia mumewe pale pale getini, akanishika mkono. "Mwache avune, watoto wapate kula. Akirudi nitamwambia mwenyewe, kwa Kifipa. Nikimwambia kwa Kiswahili itakuwa kama natoa tangazo." Wapo walionilaumu kwa kunyamaza. Sijutii. Habari ilikuwa yake, na yeye ndiye aliyechagua mtu wa kumwambia na lugha ya kumwambia. Jumapili mumewe alirudi na vumbi la Mpui miguuni, akamkuta hawezi tena kusema.

Hao vijana sidhani kwamba ni watu wabaya. Ndivyo walivyofundishwa, na wenyewe waliingia chuoni kwa mlango huu huu wa Kiingereza kizito. Tunaipima akili ya mtu kwa lugha hiyo, kisha tukishampa kazi anaigeuza pazia la kuwafichia wasio nayo. Tunafanya hivyo mahakamani, ofisini, hata kwenye vikao vya shule, mzazi amekaa mbele yetu. Na tunapofanya hivyo hatufikirii kabisa kwamba aliyelala pale anaweza kuwa ametumia mwaka mzima wa Jumamosi zake kujifunza maneno yetu.

Baada ya mazishi mume alinivuta pembeni, nyuma ya nyumba. Daktari alikuwa amemweleza, akimpa pole, kwamba wao walilijua jambo hilo mapema. Alitaka kujua walilisema lini. Nikamwambia walilisema siku ile, tukiwa sote. "Neno gani?" Nikamtajia. Akalirudia polepole, kwa sauti ya chini. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa tangu asubuhi.

"Na yeye alikuwa analijua?"

"Alikuwa analijua."

Akatazama mahindi aliyoyaleta kutoka Mpui, yakiwa bado kwenye viroba. "Basi alikaa nalo peke yake," akasema, "na mimi nikamuaga nacheka."

Ninyi mnaosoma hapa, madaktari, wauguzi, mahakimu, maofisa, sisi sote tuliofaulu mtihani ule, nawaomba kitu kimoja. Mkiwa na habari ya mtu, mwambieni yeye na mwenzake, kwa lugha wanayogombana na kupatana nayo nyumbani, hata kama inawachukua muda kuitafuta. Mtu asikijue kifo chake kwa kudukiza mazungumzo ya wengine.