Mwenyekiti wa Kitongoji Aingia Kwenye Filamu

Nilikuwa natafsiri filamu kwenye kibanda cha video kijijini kwetu, Tarime, upande wa mgodini. Filamu inacheza, mimi nimeshika maiki, nawasemea wote, wanaume kwa wanawake. Watu walinipenda kwa sababu kila mtu kwenye kioo nilimpa sauti ya mtu tunayemjua. Ujinga wangu ulikuwa hapo.

Wiki hiyo tulikuwa tumemzika mwenyekiti wa kijiji, na wenyeviti wa vitongoji walishaanza kukitolea macho kiti chake. Jamaa mmoja aliwatania kwenye pombe. Akaitwa ritongo, baraza letu la wazee, akachapwa viboko mbele ya mkewe. Mimi, badala ya kufunga mdomo, Jumapili mchana nikaweka filamu ya kuchekesha ya mji ambao meya wake ametoroka na maofisa wanapigana vikumbo kugombea ofisi.

Ofisa mmoja mwembamba nikampa sauti ya mwenyekiti wa kitongoji chetu, na kile kikohozi chake cha kabla ya kusema, na ile "nimemaliza" anayoitoa hata hajaanza. Watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Halafu kicheko kikakatika, kuanzia mlangoni. Alikuwa amesimama pale.

"Shikamoo tata," nikasema, maiki bado iko mdomoni.

"Marahaba. Endelea, mura," akajibu, kama wazee wetu wanavyomwita kijana.

Akakaa benchi la mbele.

Niliogopa, sifichi. Filamu nilishaiona, nilijua yule mwembamba anauawa. Kumcheka mzee ni viboko, lakini kumtamkia kifo hadharani kwetu ni kumlaani, na hilo hata mama yangu asingenitetea. Nikaombea umeme ukatike. Haukukatika. Wenzake wakamzunguka, wakamsukuma kutoka ghorofani.

"Hapa amepewa uhamisho," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Damu ilikuwa imetapakaa kwenye lami, kila mtu anaiona.

"Rudisha nyuma," akasema. "Tafsiri vizuri."

Nikarudisha. "Anauawa, tata."

"Na nani?"

"Na wenzake."

"Wale waliokuwa wanamwita ndugu?"

"Hao hao."

Nikasubiri anitajie siku ya kufika ritongo. Alikuwa anaikunja kofia yake kwa mikono miwili, macho yako mlangoni. Akainuka, akachungulia nje. Wenyeviti wenzake wawili walikuwa wamesimama kando ya pikipiki, wanamngoja. Mmoja akampungia mkono, anatabasamu.

Akarudi mpaka nilipokaa, akaniinamia sikioni, akaniuliza kama kibanda kina mlango wa nyuma.