Hewa ya Chini

Baada ya volkano kumeza nyumba yetu mjini Goma, mama alijenga nyingine juu ya lava ileile, ikiwa bado na joto chini ya miguu. Alikuwa mjane, muuza vitenge, mtoto wa watu wa Maniema. Waasi walikuwa wameshatukimbiza mara mbili, mulima mara moja. Aliapa kwamba hatakimbia tena.

Kuku walianza kufa, wale waliolala kwenye chumba cha nyuma. Kisha asubuhi moja dada yangu mdogo, aliyelala kwenye mkeka humohumo, hakuamka. Nilimtikisa, kichwa kikaangukia begani. Mama alimnyakua, akamtoa nje, akampepea kwa kitenge huku akimwita kwa sauti ya kugomba. Alipokohoa na kuanza kulia, mama naye alikaa chini palepale uani, akampakata.

Majirani walinong'ona uchawi. Mjomba, kaka yake mama, alifika na maneno mengine.

"Hii ni mazuku, ile hewa mubaya ya chini. Uza kiwanja, muende kijijini, Kalengera."

"Kalengera kuko waasi, kaka."

"Basi Himbi, hapahapa mujini."

"Kodi ya Himbi utanilipia weye?"

Mjomba akaaga.

Mama alikwenda mwenyewe kwa watu wanaochunguza volkano, akarudi na papa mmoja, mzee mwenye vipimo. Papa yule alipiga magoti kwenye ufa wa sakafu. Alisema gesi iliyomlaza dada ni nzito, hukaa chini kama maji ndani ya beseni. Lakini kuna nyingine inayopanda na hiyo, radoni: haina harufu, haionekani, haikuangushi leo. Unaivuta miaka na miaka, inakula mapafu polepole.

"Dawa yake?" mama aliuliza.

"Kuiziba isiingie, na kuipa njia ya kutoka."

Tulibomoa sakafu. Tukamwaga kokoto, tukalaza tiyo, bomba la plastiki, ndani yake na kuipandisha mpaka juu ya bati, tukatandika plastiki nzito, tukamwaga simenti. Ukutani, karibu na sakafu, mama alitobolesha matundu ya hewa. Papa alirudi kupima, akatuambia gesi nzito haikai tena ndani, na radoni imeshuka sana.

Kisha waasi wakaja tena. Mtaa mzima ulijifungia, risasi zikilia. Mjomba, aliyekimbilia kwetu, alishika matambara aanze kuziba matundu.

"Masasi itapita humo!"

"Acha!" Mama alisimama mbele ya ukuta. "Masasi inatafuta mutu. Hewa ya chini haitafute, inakukuta umelala. Hakuna atakayenifungia pumzi ndani ya nyumba yangu, si waasi, si mulima, si weye kaka yangu."

Tulilala kifudifudi kwenye simenti mpya huku mabomu yakitikisa bati. Dada alikuwa katikati yetu. Nilikuwa na hofu, sikatai, lakini nilimsikia akipumua vizuri, nikaona upepo wa ziwa ukiingia matunduni na kuchezesha ncha ya kitenge chake.

Milio iliponyamaza, mjomba aliinuka, akajikung'uta vumbi. Alitoka uani, akaitazama tiyo juu ya bati.

"Nami nataka tiyo kwangu. Kokoto mulinunua wapi?" aliuliza.

Mama alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Kununua? Goma nzima ni mawe, kaka. Leta nyundo."