Muuguzi Aliyekutana na Nyayo Zake Mwenyewe

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, katika chumba cha nyuma cha zahanati, mama wa miaka hamsini na mmoja anapanga chupa nne bapa za barafu ndani ya kisanduku cha chanjo. Anaweka dawa katikati, anafunga kifuniko, kisha anakikalia kidogo "ili kishike adabu."

Hapa kila mtu anamwita Mama Sindano. Mara moja kwa mwezi anatembea kilomita kumi na nne kukatiza pori hadi makazi ya mwisho, yasiyofikiwa na gari, kuchanja watoto na kuwapima uzito. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kukosa, mpaka ile Jumanne ya kiangazi kilichopita.

"Siku ile watoto walinisubiri, na mimi huku nazunguka kama pia," anasema, akiivaa mikanda ya kisanduku mabegani.

Alikuwa ametembea saa mbili hivi aliposikia mlio kama wa bisi zinazopasuka. Moto wa pori ulikuwa umekata njia. Angeweza kurudi, lakini aliwafikiria akina mama waliotoka majumbani tangu alfajiri na watoto mgongoni.

"Nikasema nipinde kidogo kulia, nikishaupita moto nirudi njiani. Hiyo kidogo ndiyo iliyoniponza."

Moshi ulifunika jua na vilima. Alipotokea upande wa pili, njia haikuwepo tena; nchi nzima ilikuwa majivu. Simu haikushika mtandao, na kufikia alasiri ikazima kabisa.

Aliendelea kutembea. Jua likikaribia kuzama, akaona nyayo za mtu kwenye majivu, mbichi kabisa.

"Nilifurahi mno. Nikasema Mungu mkubwa, sipo peke yangu. Kutazama vizuri, ni za raba, na kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje. Nikainua mguu wangu, nikaangalia soli."

Anakaza mkanda. "Nyayo zilikuwa zangu mimi."

Alikaa chini akalia. Alipomaliza kulia, aliamua kutopiga tena hata hatua moja. "Mgonjwa akizimia hatumkimbizi huku na kule. Tunamlaza, tunamwangalia. Nikajiambia, mama, leo mgonjwa ni wewe."

Alichagua jiwe pana katikati ya eneo lililokwisha kuungua, kwa kuwa moto hauli mara mbili mahali pamoja. Alikuwa na mayai mawili ya kuchemsha, pakiti ya biskuti na nusu chupa ya maji. Kwenye mti uliobaki gogo alining'iniza ile suruali ya kitambaa cha buluu ambayo watoto huvishwa wanapopimwa uzito. Katika weusi ule wote, ndiyo pekee iliyokuwa na rangi.

Barafu iliyokuwa kisandukuni ilikuwa maji safi, aliyoyachemsha kwa mkono wake. Lakini akiyanywa, dawa zingeharibika. Kila kichupa cha chanjo kina alama ndogo ambayo hubadilika rangi kikipata joto kupita kiasi, na Mama Sindano alizichungulia alama zile, anavyosema, kama mtu anayechungulia chungu cha mwenzake. Jumatano adhuhuri, biskuti zimekwisha na ulimi umemkauka, alizikuta zimebadilika zote.

"Nikafungua chupa ya kwanza, nikanywa vifuniko viwili. Nilijiona mwizi. Nikawaomba radhi watoto, kwa sauti, mmoja mmoja. Daftari lao ninalijua kwa moyo."

Huko makazi ya mwisho, akina mama walikuwa wamengoja Jumanne nzima. Wengine walisema huenda dawa zimekwisha. Mama mmoja wa pacha alikataa.

"Nikawaambia, huyu dawa zikiisha huja kutuambia zimeisha," anakumbuka mama huyo. "Asipokuja, jambo limemkuta."

Alimtuma shemeji yake kwa baiskeli, kwa njia ndefu ya kuzunguka pori. Jumatano asubuhi shemeji alipofika zahanati, msimamizi alimwambia muuguzi aliondoka jana alfajiri. Wakatazamana.

Mume wa Mama Sindano, ambaye ni fundi rangi, alikuwa juu ya ngazi akipaka dari alipopigiwa simu. "Nilishuka, sijui nilishukaje," anasema. "Ndoo niliikuta chini imemwagika."

Siku hiyo watu wapatao arobaini waliingia porini kutoka pande mbili. Upepo ulikuwa umefuta nyayo, wakarudi mikono mitupu. Alhamisi waliingia tena, wakitembea kwa safu. Saa tatu na nusu mama wa pacha aliona kitu cha buluu kinapepea mbali.

"Nikasema, ile si suruali ya kupimia watoto?"

Walimkuta Mama Sindano ameketi kivulini mwa jiwe, midomo imepasuka, kisanduku kifuani mwake kama mtoto. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Pacha wako wapi?"

"Nimewaacha kwa bibi yao."

"Tarehe yao imepita."

"Kunywa maji kwanza, mama," akajibiwa, na wote wakacheka huku wakilia.

Mumewe alifika baada ya saa moja, nywele zimejaa rangi ya dari. "Nikamwambia asilie mbele za watu," anasimulia Mama Sindano. "Akasema ni moshi. Na moto ulizimika tangu juzi yake."

Alilazwa siku mbili. Alipotoka aliandika taarifa ya dozi mia moja na ishirini zilizoharibika, akaipeleka kwa msimamizi akiwa ameinamisha kichwa. Msimamizi aliisoma, akaikunja. "Dawa tutaagiza nyingine," alimwambia. "Wewe tungekuagiza wapi?"

Siku nane baadaye chanjo mpya zilifika, naye akaenda, safari hii na watu wawili. Sasa haendi peke yake, na ikitimia saa tano hajafika, watu wa makazi wanatoka kumpokea bila kungoja.

Mumewe alitaka aombe uhamisho. Walibishana wiki nzima, hadi fundi aliporudi nyumbani na nusu debe la rangi nyeupe iliyobaki kazini. "Kama huachi," akamwambia, "basi tuipake hiyo njia."

Kila Jumapili wanaingia porini na brashi mbili, wakipaka mawe makubwa yaliyo kando ya njia. Wameshapita kilomita ya sita. Mama Sindano anastaafu baada ya miaka minne, na anataka rangi ifike makazi ya mwisho kabla ya kiangazi kijacho.

"Atakayekuja baada yangu asije akakutana na nyayo zake," anasema.

Mumewe, aliyesimama mlangoni, anatikisa kichwa. "Rangi hii inastahimili mvua mbili tu. Itabidi turudie."

"Tutarudia," anajibu mkewe, na anatoka na kisanduku chake mgongoni.