Nimekatiza fatiha kwa ajili ya mkataba wa simu

Leo nimekatiza fatiha ya wakubwa, na bado niko hai.

Mnanijua. Mimi hata darasani sinyooshi kidole.

Mama mdogo ana duka la simu hapa Lindi. Leo kaja mgeni kutoka Ngazija, kule Komoro, na mkataba wa leseni ya kuuza programu yao ya simu. Kwa mdomo mgeni alimwahidi mama mdogo kuwa Lindi na Kilwa hakuna mwingine atakayeuza.

Mkataba ni wa Kifaransa, na mwanasheria wa mama mdogo anautaka kwa Kiingereza. Nikakaa pembeni na kamusi ya Kifaransa ya shule, nikitafsiri. Forfait nikaandika bundle, yaani kifurushi hiki hiki tunachojiunga nacho kila siku.

Wakati wanamaliza pilau, nikafika ukurasa wa mwisho. Unasema kampuni inaweza kumpa leseni hiyo mtu mwingine yeyote.

Kuinua kichwa, mikono yote iko juu! Na kwetu fatiha ikishasomwa, mapatano yamefungwa.

"Mama mdogo, subiri!"

Mikono ikabaki hewani.

Nikasoma kile kipengele kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Na sauti ikatoka.

Mgeni akacheka. "Binti huyu mmemtoa Paris?"

"Kijijini Milola," mama mdogo akajibu bila kucheka. "Na hicho kipengele ukifute."

Mgeni akakifuta, akatia sahihi pembeni. Fatiha ikaanza upya.

Kila siku mama mdogo huniambia niache vitabu nikaoshe vyombo.

Leo kaosha yeye.

Nyie mngethubutu?