Mumba Kapya na Programu Aliyokataa Kuiacha

Mvua inanyesha tangu alfajiri na mto Naviundu umefura. Katika bohari ya dawa ya Lubumbashi, jirani na mto huo, Mwananchi Mumba Kapya, kama serikali inavyotaka watu waitwe, ameketi mbele ya kompyuta, koti lake bado limelowa, vidole viko kazini. Mweka bohari wa tawi la Likasi ameomba ukurasa mpya kwenye programu yake, wa kuonyesha dawa zinazokaribia kuisha muda. Anautaka leo, na Mumba ameahidi kwamba leo ataupata.

Nyumbani na kanisani bado wanamwita kwa jina la ubatizo, Wivine. Baba yake alitoka kaskazini mwa Katanga akaja mjini kufanya kazi ya reli. Mumba mwenyewe alisomea biashara, akaajiriwa hapa kupokea wateja, kisha akapelekwa mafunzo ya kompyuta. Leo ndiye pekee anayeshughulika na mashine hizo.

Mwaka jana jambo moja lilimchoma moyo. Muuguzi kutoka Kasungami alikuja kutafuta kwinini ya sindano, na Lubumbashi haikuwa nayo. Simu ya Kolwezi ilikuwa imekufa, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba tawi la huko lilikuwa na maboksi tele. Muuguzi aliondoka mikono mitupu. Baadaye maboksi yale yaliisha muda, yakachomwa moto.

Baada ya hapo uongozi ulikubali kuingiza dawa za matawi yote kwenye kompyuta. Ubishi ukawa juu ya programu ipi itumike. Mkurugenzi, Mwananchi Kalenga, alitaka mfumo mkubwa: mashine moja Lubumbashi, matawi yaunganishwe nayo kwa simu, mafundi waje kutoka Ulaya kuuandaa. Mumba alitaka dBase, programu ndogo ya kuhifadhi na kutafuta taarifa, inayoenea kwenye disketi chache. Kila tawi lingekuwa na kompyuta yake ya mezani, na disketi zingesafiri na lori la dawa.

Kalenga hakuwa na nia mbaya, Mumba mwenyewe anakiri. Alihofia kila tawi litafuata njia yake na wakubwa wa makao makuu ya kampuni watamcheka. Kikaoni alisema kwamba kitu kinachobebwa kwenye mkoba wa mama hakiwezi kuitwa mfumo wa kampuni. Wengine waliinamisha vichwa. Mumba akasimama.

"Citoyen Directeur, ile machine kubwa iko muzuri," alisema. "Lakini téléphone yetu iko inakufa kila mara, na bagonjwa habatangoya mafundi ya Ulaya. Munipe ruhusa niende Kolwezi. Nikishindwa, munifukuze."

Kalenga alimpa ruhusa, akaongeza kwamba neno lile la mwisho hatalisahau.

Mumba aliandika programu yake haraka, akafunga disketi ndani ya kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga, zisiingie vumbi, akapanda lori. Kolwezi mambo yalimharibikia. Mweka bohari, Mama Mwansa, aliikodolea macho skrini iliyojaa vifupisho vya Kifaransa, akabonyeza asichokijua, na kazi yote ya asubuhi ikafutika. Akaisukuma kibodi mbali.

"Hii kitu haiko ya sisi," alisema.

Mumba alitamani ardhi immeze. Lakini alivuta kiti, akamuuliza mama huyo humjibu nini mtu anayekuja kuulizia dawa. Mama Mwansa akasema hujibu tu kwamba dawa iko, au dawa haiko. Basi Mumba akaandika upya palepale: DAWA IKO, DAWA HAIKO, na mashine iulize kwanza kabla ya kufuta chochote. Jioni umeme ulikatika. Uliporudi, yote waliyokuwa wamehifadhi yalikuwepo, na Mama Mwansa akaendelea bila kuomba msaada.

Kalenga alipoiona skrini ile alikasirika, akaagiza Kiswahili hicho cha sokoni kiondolewe. Mumba alikataa.

"Mwenye kutumika kazi na hii ni Mama Mwansa," alimjibu. "Haiko bantu ya Ulaya."

Mkurugenzi hakumfukuza, ila kwa muda mrefu hakumsalimia. Kisha Lubumbashi ikaishiwa maji ya dripu. Disketi ya Kolwezi ilionyesha kwamba kule yapo, na lori likayaleta wagonjwa wakiwa bado wanasubiri. Tangu siku hiyo Kalenga hataji tena kufukuza mtu. Hata hivyo, hajaidhinisha programu hiyo rasmi, ingawa matawi mengine sasa yanaitumia, na mafundi wa Ulaya wanatazamiwa kiangazi.

Kabla hawajafika, Mumba anataka kwenda kwenye matawi ya Likasi na Kasenga kuwafundisha waweka bohari kuibadilisha programu wenyewe. Amenyimwa gari, kwa hiyo atapanda lori juu ya maboksi. Akiulizwa atafanya nini ikiwa amri itatoka kwamba kompyuta za matawi ziondolewe, hainui hata macho.

"Ordinateur banaweza kubeba," anasema. "Lakini kile bantu bamekwisha kujua, nani atakitoa mu kichwa yao?"