Miti Tuliyopanda Kando ya Kijito

Nilizaliwa katika milima ya Masisi, kwa wakulima wa maharagwe. Ndoa ndiyo iliyonishusha hadi Itebero, katika msitu wa Walikale, ambako mume wangu alilima na kuvua.

Kila mwaka mvua za kwanza zilipoanza, samaki waliacha mto mkubwa wakapanda kijito chetu kwenda kutaga mayai. Mwaka ule nilioolewa, mume wangu alinishika mkono akaniingiza majini. Samaki wakanipita miguuni, nikapiga kelele, naye akacheka mpaka akakaa chini.

Baadaye watu walikata msitu wa kando ya kijito wapate makaa na mashamba. Jua likawa linapiga maji moja kwa moja. Mwaka mmoja mvua zilianza, kisha zikakatika. Tulikuta samaki wamesongamana chini ya mti mmoja uliobaki, midomo juu, wakihema. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, matumbo yamejaa mayai.

"Maji iko moto, Mama," mume wangu aliniambia. "Inawaua mbele ya kuzala."

Jumapili baada ya ibada alisimama mbele ya majirani, akaomba kila mwenye shamba kando ya kijito aache ukingo, tupande mianzi na mikuyu.

"Papa, kivuli ndiyo tutakula?" jirani mmoja akamuuliza.

"Mutakula samaki. Kivuli ni yao."

Walibishana sana, lakini wakakubali. Mimi niling'oa muhogo wangu wa ukingoni, uliostawi kuliko wote. Kila asubuhi mume wangu alipita kwenye miche akiondoa magugu, na alipokuta mti umechipua alirudi kunieleza kama vile mgeni amefika nyumbani. Miti ikatupita kimo. Chini yake maji yakaanza kupoa.

Kisha vita vikatukimbiza. Msituni mume wangu akashikwa na homa, na dawa hatukuwa nayo. Tulimzika njiani, mahali ambapo leo sijui kama ningepatambua.

Niliporudi, ukingo ulikuwa mweupe, hauna mti hata mmoja. Wakimbizi kutoka Masisi walikuwa wamejenga vibanda pale, nguzo zao mianzi yetu. Mama mmoja alikuwa anapika juu ya kuni za mkuyu. Nilikuwa nimeshuka na hasira. Akanisalimu kwa Kihunde, lugha ya mama yangu, akaona ninavyotazama visiki.

"Dada, ni wewe ulipanda?"

"Ni bwana yangu."

"Watoto walikuwa wanalowa na mvua," akasema. "Yeye iko wapi, tumuombe msamaha?"

Nikanyoosha kidole kuelekea msituni. Akaelewa, akaepua chungu, akaja kunishika. Nililia begani mwa mtu aliyekata miti ya mume wangu, na sikuwa na mwingine wa kunishika.

Mvua zilipoanza tena sikushuka kijitoni. Jirani ndiye aliyekuja kuniambia kwamba samaki hawakupanda.